Siku za Baada ya Hema Kung'olewa

Msiba una nyakati mbili, na ajabu yake ni kwamba mfiwa hupewa msaada mwingi katika wakati ule ambao hana hata fahamu ya kuutambua, akaachwa mikono mitupu katika wakati ule ambao angeupokea kwa shukrani. Wakati wa kwanza ni wa hema na viti vya kukodi, wa masufuria makubwa juu ya mafiga, wa kwaya na kipaza sauti, na wa magari yaliyoegeshwa kando ya barabara ya udongo mwekundu kutoka kwa jirani wa kwanza mpaka kwa jirani wa nne. Na wakati wa pili huanza jioni ile vijana wanapong'oa hema, wakahesabu viti, wakavipakia katika pikapu, na boma likarudia ukubwa wake. Nimeishi Gusii, hapa Kenya, maisha yangu yote, nimefundisha shule za Kisii na za Nyamira, nimewazika wazazi wangu, na nimemzika mke wangu. Kwa hiyo haya nitakayoyanena si elimu ya kitabu tu, wala sidai kuwa ni dawa. Ni nasaha za mtu aliyepita njia hiyo, kwa yule aliye njiani sasa, na kwa yule anayemtazama akipita asijue amsaidie vipi.

Yafaa msomaji wa mbali afahamu kwanza kwamba kwetu wafu hawako mbali. Mgusii huzikwa nyumbani kwake, hatua chache kutoka mlangoni, na desturi ina upande wake wa kaburi la mume na upande wake wa kaburi la mke. Hesabu ya mwaka 2019 ilikuta watu 1,266,860 katika kaunti ya Kisii na 605,576 katika kaunti ya Nyamira, na huko Kisii ni zaidi ya watu 900 katika kila kilomita mraba, yaani ardhi iliyogawanywa baba kwa mwana na mwana kwa mjukuu, hata mashamba mengine yamebaki ukanda mwembamba unaoteremka kutoka barabarani mpaka kijitoni. Katika ukanda huo mna nyumba, zizi, migomba, majani chai, nyasi za napia za kumlisha ng'ombe, na makaburi. Mjane anayekwenda kuchuma mboga hulipita kaburi la mumewe asubuhi, akalipita tena akirudi na kikapu, na watoto huanika sare za shule juu ya ua unaolizunguka. Wageni wameniuliza mara nyingi kama ujirani huu hauzidishi simanzi, nami hujibu kwamba huizidisha kwa miezi michache, kisha huipunguza kwa miaka mingi. Basi, ewe uliyefiwa, usiharakishe kulijengea kaburi saruji na vigae ili watu waone kuwa ulimpenda marehemu, maana mvua zetu hunyesha karibu kila mwezi na udongo mpya hudidimia. Tena usikubali kuihama nyumba ukaenda kukaa mjini kwa mwana au kwa binti katika majuma ya kwanza, ijapokuwa wanakuita kwa mapenzi. Anayeondoka katika siku ambazo hajui analolitaka, aghalabu hurudi akakuta ufunguo uko kwa mtu mwingine.

Jambo la pili ni dini, na hapa haifai kuzungukazunguka. Wakatoliki walifungua misheni ya Nyabururu mwaka 1911, Waadventista wa Sabato wakaweka makao yao Nyanchwa muda mfupi baadaye, Walutheri wakaja Itierio, na Wapentekoste wakaenea katika kila soko. Hata leo boma moja laweza kuwa na baba anayeamini kwamba wafu wamelala usingizi hadi siku ya ufufuo, na mama anayewaombea marehemu rehema katika Misa ya tarehe 2 Novemba, na mwana anayenena kwa lugha, na babu ambaye, licha ya kubatizwa zamani, moyoni mwake hajaacha kuwahofu ebirecha, yaani roho za wazee waliotangulia. Siku za kawaida watu hawa hula chungu kimoja. Siku ya kifo ndipo kila mmoja hukumbuka dhehebu lake, na mabishano huanza kabla machozi hayajakauka: mazishi yasiwe Jumamosi, rozari isisaliwe usiku, mchungaji fulani asipewe kipaza sauti. Rai yangu ni moja, na sioni haja ya kuipamba: imani ya marehemu ndiyo iongoze mazishi yake, na walio hai wasiligeuze jeneza kuwa mimbari ya kushindania. Na ili imani hiyo isibishaniwe, mtu na aseme au aandike angali hai, mbele ya mashahidi wa pande zote mbili za ukoo. Kenya nzima iliona lililowapata watu wa wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986, na ambaye mjane wake na ukoo wake walishindana mahakamani mahali pa kumzika mpaka Mei 1987. Miezi mitano maiti ikangoja mochari, ilhali maandishi yaliyo wazi pengine yangalipunguza ugomvi.

Kuhusu gharama nitasema kwa ufupi, kwa kuwa kila mtu anaijua kadhia hii na wachache hutaka kusikia. Mochari hutoza kwa siku, na kila siku inayoongezwa ili mjomba aliyeko ng'ambo apate tiketi au ili jeneza lenye vioo lifike kutoka mjini ni siku ya karo inayotolewa kinywani mwa yatima. Ukusanyaji wa michango kwa M-Pesa na makundi ya WhatsApp umetusaidia sana, walakini umetufundisha pia kwamba mfuko ukijaa matumizi nayo huvimba. Wakati wa Korona, mwaka 2020, serikali ilipoamuru mazishi yafanywe upesi na yahudhuriwe na watu wachache, tulizika kwa uchungu mkubwa lakini kwa fedha kidogo, na wala sikusikia marehemu yeyote akilalamika. Katika kikao cha kwanza cha matanga, kabla ya kuteua mpishi na mwenye hema, amueni ni kiasi gani cha mchango kitakachobaki kwa ajili ya watoto, kiandikwe, na mweka hazina asome hesabu mbele ya ukoo siku ya pili baada ya mazishi. Msiuze ng'ombe wa maziwa, wala msikope kwa kutegemea bonasi ya chai ya mwezi wa kumi, kwa sababu ya kuwalisha wageni wali na nyama siku moja.

Sasa nije kwenye wakati wa pili. Mke wangu alipozikwa, watu waliojaa boma letu sikuweza kuwahesabu, na maneno mema niliyoambiwa yangalijaza daftari. Lakini nikiulizwa leo nani alinifariji, humkumbuka mong'ina mmoja jirani, yaani mama mzee, mjane wa siku nyingi, ambaye alianza kuja baada ya wengine kuacha kuja. Alikuwa akifika alasiri na chinsaga imefungwa katika leso, mboga ambayo watu wa pwani huiita mgagani, akaketi kwenye kigoda kando ya mlango wa jiko, akaanza kuchambua majani, jani baada ya jani, mabua akiyatupa kushoto na majani akiyaweka katika ungo. Hakuniuliza moyo wangu u hali gani. Aliniuliza, "Mwalimu, ng'ombe amekunywa maji?" Nisipokuwa nimemnywesha, nilikwenda kumnywesha, na nikirudi aliniambia niwashe moto, kwa kuwa mboga ile haipikwi kwa haraka, sharti itokoswe, kisha ilazwe chunguni na maziwa ili uchungu wake upungue, na mtu wa kuitazama lazima awepo kesho yake. Ndivyo alivyonipa kazi ya kesho, na kesho ndicho kitu nilichokuwa sina. Nilikuja kufahamu baadaye kwamba yule mama alikuwa na hekima kuliko sisi sote tuliohubiri katika mazishi ya wenzetu.

Kwa hiyo nawasihi wanaotaka kufariji: maneno mengi yawekeni akiba. Msimwambie aliyefiwa siku ile ile kwamba ni mapenzi ya Mungu, maana hata kama ni kweli, ukweli huo yeye ndiye mwenye haki ya kuufikia kwa miguu yake mwenyewe. Wala msimwambie mwanamume, "Jikaze," kana kwamba kulia ni kazi waliyopewa wanawake peke yao. Rafiki za Ayubu walitenda tendo lao jema kuliko yote walipokaa naye chini siku saba kimya, na makosa yao yalianza walipofungua vinywa. Nendeni baada ya mwezi mmoja, nendeni baada ya miezi mitatu. Chukueni kuni, au unga wa wimbi, au panga la kukatia napia. Msiseme, "Ukihitaji chochote utuambie," kwa sababu mfiwa hajui anachokihitaji, na akijua ataona haya kuomba. Tazameni wenyewe lililopungua, mlifanye. Ikiwa shamba lake la chai limefikia zamu ya kuchumwa, ingieni mchume majani mawili na kichipukizi, mkayapeleke kituoni kabla lori la kiwanda halijapita, maana chai haijui matanga, na majani yakikomaa pesa ya mwezi ule imekwenda.

Na wewe uliyefiwa, usiidharau kazi ndogo. Kupika chai ya asubuhi, kufagia ua, kupeleka maziwa sokoni Keroka au mahali popote unapouzia, hayo si kumsahau marehemu, na yeyote anayekuambia kwamba umeanza kucheka mapema mno hana haki juu ya kicheko chako. Utakuja kuona kwamba huzuni haina utaratibu: utaweza kuhudhuria sherehe nzima bila kutoa chozi, kisha ukashindwa na kikombe chake ukikikuta nyuma ya kabati. Mwache mtoto ajue kweli, wala usimwambie kwamba mama amesafiri, kwa kuwa mtoto aliyeambiwa hivyo hungoja njiani, na atakapofahamu atakuwa amefiwa mara mbili, mara moja na mama na mara ya pili na neno lako.

Ama kuhusu sala, nimeulizwa na wengi, hasa wanawake, wafanye nini sala inapowakauka. Mimi mwenyewe, niliyekuwa mzee wa kanisa, nilikaa muda ambao kila nikifumba macho sikupata la kumwambia Mungu ila lawama, na lawama niliziogopa. Shauri langu ni kwamba lawama nazo zipelekwe huko huko, maana mtu hamlaumu asiyemwamini. Na asiyeweza kuomba kwa kinywa chake na akaketi katikati ya wanaoomba, Sabato au Jumapili kwa kadiri ya dini yake, awaache wamchukue kwa nyimbo zao kama mgonjwa anavyochukuliwa kwa machela. Waislamu wa mjini Kisii wana eda, miezi minne na siku kumi ambamo mjane hasukumwi kuamua makubwa wala kuposwa, na sisi Wakristo, ambao tuliyaacha mengi ya wazee wetu tusiweke kitu mahali pake, tungefanya vyema kuwatengea wajane wetu muda wa namna hiyo. Usimlazimishe mfiwa kutoa ushuhuda mbele ya kanisa. Ushuhuda wa kulazimishwa huwaburudisha wasikilizaji, ukamwacha mwenyewe mtupu.

Nimefika kwenye jambo ambalo ningependa kulipita, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Huzuni ikishindwa kupata jawabu kwa Mungu huligeukia la binadamu, na swali la "kwa nini amekufa" likageuka polepole kuwa swali la "nani amemuua." Halitamkwi kwa sauti katika hema, ambako mchungaji anasikia, hunong'onwa nyuma ya jiko, usiku wa kulinda maiti, kwanza kwa mafumbo, kisha kwa jina. Na jina hilo aghalabu huwa la mwanamke mzee, anayeishi peke yake, mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka mingi, pengine mwenye kipande cha ardhi ambacho mpwa wake anakitamani. Mei 2008 katika vijiji vya Kisii watu 11, wengi wao wanawake wazee, walichomwa moto kwa tuhuma za uchawi, na Oktoba 2021 huko Marani wanawake wanne wazee wakauawa kwa tuhuma hiyo hiyo. Waliofanya hayo hawakutoka nchi nyingine. Walikuwa vijana wa vijiji vyetu, na miongoni mwa waliotazama walikuwamo watu wanaojua nyimbo za dini kwa moyo.

Sitaki kubishana hapa kama uchawi upo au haupo. Mjadala huo hauna mwisho, na wakati tunajadili nyumba inawaka. Nataka kusema na mfiwa peke yake, kwa kuwa yeye ndiye mwenye neno la mwisho: uvumi wa kifo hauwezi kusimama ikiwa wenye msiba wameukataa. Kwanza, ombeni hospitali iwaeleze sababu ya kifo kwa lugha mnayoifahamu, na ile karatasi ya kuthibitisha kifo isomwe kwa Ekegusii katika kikao cha ukoo siku za mwanzo kabisa, kabla minong'ono haijapata miguu. Shinikizo la damu, sukari, saratani iliyochelewa kujulikana, na malaria ya nyanda za juu, ambayo katika miaka ya 1990 ilituvamia kwa ghafula kwa sababu miili ya watu wa milimani haina kinga kama ya watu wa kando ya ziwa, hayo yote yana majina na yana sababu, na kijana aliyelala mzima akaamka maiti aweza kuwa alikuwa na maradhi ya moyo ambayo hakuna aliyeyapima. Pili, atakayekuja kukuletea jina la mtu, iwe ni ndugu, iwe ni mganga, iwe ni nabii mwenye joho jeupe, mwambie mbele ya shahidi kwamba hutaki kulisikia. Mjulishe pia kwamba Sheria ya Uchawi ya Kenya, iliyotungwa mwaka 1925, inamfanya mkosaji yule anayemtuhumu mwenzake kuwa mchawi, ila akiwa amepeleka habari kwa polisi, kwa chifu au kwa mwingine mwenye mamlaka. Tatu, nawe mama wa vijana, jua wanao wako wapi usiku wa matanga, nani anawanunulia pombe, na kwa nini mtu asiye na pikipiki amekwenda kununua petroli.

Na kama bibi kizee fulani hakuonekana katika mazishi kwa kuwa anaogopa kutazamwa, nenda wewe mwenyewe uliyefiwa ukamchukue kwa mkono, umketishe karibu nawe mbele ya watu. Tendo hilo moja lina nguvu kuliko mahubiri, na nimeliona likiokoa roho.

Limebaki neno juu ya mali, kwa sababu taabu za wajane wengi hazitoki kwa mauti bali kwa mashemeji. Aliyefia nyumbani, habari zake zipelekwe kwa naibu chifu ili kibali cha kuzika kipatikane, na kifo kiandikishwe kabla miezi sita haijapita, maana baada ya hapo usajili huwa wa kuchelewa na una mzunguko wake. Cheti cha kifo kikipatikana, chifu huandika barua yenye majina ya warithi wote, na barua hiyo isomeni kwa makini kabla haijapelekwa mahakamani, mkahakikishe kwamba mabinti wamo, walioolewa na wasioolewa, na kwamba hakuna mtoto aliyeachwa kwa kuwa mama yake hapendwi. Ombi la mirathi hutangazwa katika gazeti rasmi la serikali, mwenye pingamizi hupewa siku 30, na hati inayotolewa huthibitishwa baada ya miezi sita. Kabla ya hayo, Sheria ya Urithi, inayotumika tangu Julai 1981, inamkataza mtu yeyote kuigawa, kuiuza au kuimega mali ya marehemu, na anayefanya hivyo aweza kutozwa faini au kufungwa hata mwaka mmoja. Hata kama ni kaka mkubwa, hata kama alilipa mochari, hata kama hati ya shamba bado ina jina la babu.

Mahakama ziko Kisii, Ogembo, Keroka na Nyamira, na mjane hahitaji ruhusa ya shemeji kuingia. Mama yangu, nenda mapema, nenda na mtu unayemwamini anayejua kusoma, na usitie sahihi wala alama ya dole gumba katika karatasi yoyote uliyoletewa nyumbani usiku.